Kozi Kumi na Wanne Ambao Sikuwaona

Mke wangu alifariki mwishoni mwa mwezi wa pili. Tulisoma arobaini yake mvua zikiwa zimeshika, na wiki iliyofuata binti mmoja akanipigia simu kuniuliza habari za ndege.

Nilimfahamu. Alikuja msibani akakaa na wanawake siku nzima. Ni Mkongo, wazazi wake walitoka Goma wakiwa wamembeba mgongoni, akakulia Nsambya, hapa Kampala, akasoma mambo ya wanyama chuoni, na sasa kazi yake ilikuwa kuwapanga watu wa kujitolea wanaohesabu ndege kandokando ya ziwa. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Kiswahili cha binti huyu ni cha Goma, changu ni cha kambi za askari, kwa maana mimi ni Mnubi na nilikuwa polisi. Tulielewana bila taabu. Aliniita Papa tangu siku ya kwanza.

"Papa, ni miye. Pole tena," akasema. "Niliogopa kukupigia."

"Sema tu."

"Ni ile njia ya Mama, kule kwenye kinamasi. Tangu alipolazwa hakuna mtu amehesabu. Na hizi ndizo wiki za mwisho, Papa. Ndege wa kaskazini wanarudi kwao. Tukikosa mwisho, msimu wote unabaki na tundu."

"Mimi sijui ndege."

"Ulimpeleka miaka kumi na moja."

"Nilikuwa dereva."

Nilisikia honi za boda boda upande wake.

"Basi nenda kama dereva," akasema. "Ukifika, angalia. Utakachoona, andika."

Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Siku zile watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza. Siku ya maziko nilisimama barabarani nikiwaonyesha wageni mahali pa kuegesha magari, na niliifanya kazi hiyo vizuri. Hakuna gari lililomziba mwenzake. Nilishuka kaburini, nikampokea, nikamlaza, nikatoka, nikapangusa magoti. Usiku nililala. Asubuhi niliamka nikanyoa ndevu. Ningeweza kusema kwamba moyo wangu ulikuwa kama jiwe, lakini jiwe lina uzito, na mimi sikuhisi uzito wowote. Nilikuwa nakula nikimaliza sahani, na ukiniuliza baada ya nusu saa nimekula nini, sijui.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa bayolojia. Mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Alianza mambo ya ndege kwa kuwapeleka wanafunzi wake kinamasini, halafu wanafunzi wakamaliza shule, yeye akaendelea. Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tano, kila Jumapili alfajiri, alivaa gauni refu, viatu vya mpira vya shambani, na mtandio aliokuwa akiufunga kwa nyuma ili upepo usiulete mbele ya darubini. Mimi niliendesha. Tukifika mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, yeye aliingia kwenye njia ya mafunjo na mimi nilibaki garini na gazeti. Saa tatu baadaye alirudi ana matope mpaka magotini, anasimulia. Hatukuona ubaya wowote katika mpango huo.

Jumapili ya kwanza nilikwenda. Nilitoka Kibuli kungali giza, nikapita Kabalagala ambako Jumamosi ilikuwa bado haijaisha. Muziki unalia, watu wamesimama kwenye jiko la chapati wakisubiri chapati zao ziviringishiwe mayai, msichana amekaa ukingoni mwa barabara na viatu mkononi. Nikateremka hadi upande wa Ggaba, nikaiacha lami, nikafika mwaloni.

Yupo mama anayekausha samaki pale kwa moshi. Alilifahamu gari. Akaja na kikapu chake mkononi, akachungulia kiti cha pembeni.

"Mzee, leo nakuja peke yako? Mwalimu iko wapi?"

"Mwalimu amefariki."

Kikapu kikaanguka. "Banange!" akapiga kelele, akakaa chini palepale kwenye matope, akalia kwa sauti, mikono kichwani. Mwalimu wake! Kumbe mke wangu ndiye aliyemwandikia barua mtoto wake alipokataliwa shule. Nilikuwa sijui. Nilisimama na darubini shingoni nikamtazama akilia, kama mtu anavyoitazama mvua inayonyesha upande wa pili wa barabara. Aliponyamaza nilimuuliza kama njia ya mafunjo imejaa maji.

Alinitazama. "Imejaa kidogo," akasema.

Siku hiyo nilitembea. Niliona kaloli, wale korongo wakubwa wa majalala ambao hakuna mtu wa Kampala asiyewajua. Niliona mnandi wakikausha mabawa juu ya nguzo. Niliona ndege weupe wadogo juu ya maji. Wengine waliruka kabla sijafikisha darubini machoni. Mke wangu aliacha fomu tupu nyingi kwenye kabati. Nikachukua moja, nikaijaza kwa kalamu, nikaipiga picha, nikamtumia yule binti. Kwenye mstari wa mwisho niliandika: *Ndege weupe wadogo, wengi.*

Akanijibu: "Asante sana Papa. Wengi ni ngapi?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Nilifanya kazi ya polisi miaka ishirini na minane, yote katika chumba cha redio. Kazi yangu ilikuwa kusikia na kuandika. Saa ngapi, nani amesema, amesema nini. Usiposikia vizuri unaandika kwamba hukusikia vizuri, unamwambia mwenzako arudie. Niliwafundisha vijana wengi sheria hiyo: usiongeze neno, usipunguze. Mtu anaweza kufa kwa sababu ya neno moja ulilolikisia. Kwa hiyo sina kisingizio kwa nilichokifanya Jumapili ya pili.

Jumapili ya pili kulinyesha. Nilifika mwaloni mvua ikiwa imeshaanza, ile mvua nzito ya ziwani inayokuja kama lori. Nikazima injini. Mama wa samaki alikuwa amejikinga chini ya mabati yake; akanipungia mkono, nikampungia. Nikaiweka fomu juu ya usukani. Mvua ilipiga paa saa nzima, kisha ikapungua, kisha ikakatika kabisa. Jua likatoka. Ndege wakaanza kulia kwenye mafunjo. Mimi sikufungua mlango.

Sikuwa nimechoka. Sikuwa naogopa matope. Sina namna ya kulieleza. Mkono ulikuwa karibu na kitasa na haukwenda.

Baada ya muda nilianza kuandika. *Mbayuwayu, arobaini. Keremkerem, kumi na wawili. Chamchanga, watano.* Hizo zilikuwa namba za mke wangu. Nilikuwa nimezisikia Jumapili nyingi tukirudi nyumbani, na zilikuja zenyewe. Kalamu ilikwenda vizuri. Nilipofika chini, kwenye nafasi ya mengineyo, niliandika: *Kozi wenye miguu myekundu, kumi na wanne, wakielekea kaskazini. Saa mbili na dakika ishirini asubuhi.*

Lazima nieleze kozi hao, jamaa wa mwewe, walitoka wapi.

Miaka sita au saba nyuma, Jumapili moja ya mwezi wa nne, nilikuwa garini palepale nikisoma habari za mpira. Nikasikia mtu anagonga kioo kwa kiganja. Alikuwa mke wangu, mtandio umemtoka kichwani, anahema.

"Toka! Toka uone! Kozi wa miguu myekundu, kumi na wanne, wanapita sasa hivi juu yako! Toka!"

Nilishusha kioo vidole viwili. Niliinamisha kichwa. Kutoka pale nilipokaa nilichokiona ni ukingo wa paa la gari na kipande cha wingu.

"Nimewaona," nikasema.

"Umewaona?"

"Nimewaona. Wazuri."

Alifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akifurahi tangu binti yetu alipozaliwa. Njia nzima alinisimulia kitu ambacho aliamini nimekiona: mabawa yao membamba, jinsi madume wanavyokuwa rangi ya moshi, jinsi walivyogeuka wote pamoja juu ya maji. "Wewe na mimi," alikuwa akisema, "hapa Kampala ni wewe na mimi tu." Wageni wakija nyumbani aliwaambia, "Hata mume wangu aliwaona," na mimi nikitikisa kichwa kukubali. Nilitikisa kichwa miaka yote hiyo. Uongo mdogo ukishatoka mdomoni unakuwa kama kiti cha nyumbani. Unaukalia bila kuuona.

Basi nikawaandika tena. Nikapiga picha ile fomu, nikaituma, nikarudi nyumbani, nikalala mchana kutwa.

Nilipoamka simu ilikuwa imejaa. Lile kundi la wahesabu ndege kwenye WhatsApp, ambalo siku nyingine hutulia kama msikiti saa nne asubuhi, lilikuwa na ujumbe juu ya ujumbe. Miguu ilikuwa myekundu kweli? Walikuwa juu kiasi gani? Kuna picha? Yule binti alikuwa amepiga mara tano. Nikampigia.

"Papa! Una hakika?"

"Nina hakika."

"Unajua ile ndege haipiti huku? Inapita mbali, magharibi kabisa. Hapa kwetu iliandikwa mara moja tu. Mara moja! Na ni Mama aliiandika, mahali palepale." Sauti yake ikaanza kukatika. "Ni kama ametuma salamu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema.

"Ndivyo nilivyoona," nikasema.

Akalia. Nilishika simu sikioni mpaka akamaliza.

Jumatano asubuhi aliniomba nifike mwaloni nikawaonyeshe watu mahali penyewe. Sikujua ni watu gani. Nilikuta kama wanane hivi, wamesimika darubini za miguu mitatu kwenye matope, wengine wa Entebbe, wengine wa Jinja. Wawili walikuwa wamepanda basi la usiku kutoka Nairobi. Mmoja wa hao wa Nairobi alikuwa rika langu, mwenye kofia ya kitambaa na bandeji ya kuvuta gotini juu ya suruali. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nimemtafuta ndege huyu tangu nikiwa na nywele. Hebu niambie. Walitokea upande gani?"

"Upande ule. Kusini."

"Juu kiasi gani?"

"Kama minara miwili ya simu."

"Madume wangapi?"

"Wengi wao. Rangi ya moshi."

"Wakapita moja kwa moja?"

"Waligeuka kwanza juu ya maji. Wote pamoja. Halafu wakashika njia."

Aliandika kila neno kwenye daftari dogo. Nilimjibu vizuri kuliko shahidi yeyote niliyewahi kumsikia. Kila nilichosema kilikuwa cha kweli, ila si mimi niliyekiona.

Walisimama wakitazama angani. Jua la baada ya mvua linachoma vibaya pale, maana linakupiga kutoka juu na kutoka majini. Mama wa samaki aliwaletea chai. Kila mwewe akipita wote waliinua darubini, kisha wakazishusha. Saa nne, saa tano. Yule mzee wa Nairobi alinipa nusu ya mkate wake. Karibu na saa sita aliondoka kwenye darubini yake akichechemea, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akafungua ile bandeji, akaanza kulikanda goti. Goti lilikuwa limevimba kama nazi. Alilikanda huku akitazama juu, asije akawakosa.

Nikaona haya.

Nasema nikaona haya, lakini ilikuwa zaidi ya kuona. Ilipanda mpaka masikioni, uso ukawaka. Kilikuwa kitu cha kwanza kunifikia tangu hospitali. Nilikuwa nimesubiri huzuni, kila mtu alikuwa ananisubiria huzuni, na iliyotangulia ilikuwa aibu.

Nilimwita yule binti nyuma ya majiko ya samaki.

"Sikuwaona," nikasema.

"Walipita haraka?"

"Sikutoka garini."

Alikuwa ameshika karatasi. Akaikunja mara moja, akaikunja tena. "Na wale mbayuwayu arobaini?"

"Nao."

"Keremkerem?"

"Nao pia. Niliandika tu."

Moshi ulituingia machoni. Hakuhama.

"Papa, miye nililia kwa simu," akasema. "Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Na ukaacha nilie."

Alipangusa macho, sijui kwa ajili ya moshi au nini, kisha akasema kwa sauti ya kazi, "Nani atawaambia wale watu?"

"Mimi."

Nilikwenda nikasimama mbele yao kama mtu anayetoa ripoti. Niliwaambia kwamba Jumapili mvua ilinyesha, kwamba nilibaki ndani ya gari, kwamba kozi niliowaandika sikuwaona. Nilisema naomba radhi. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa wale ambao Kiswahili kinawapiga chenga. Hakuna aliyenitukana. Mwanamke mmoja alianza kukunja miguu ya darubini yake kabla sijamaliza. Kijana aliyekuja na yule mzee wa Nairobi alitazama simu akatafuta saa za basi.

Mzee mwenyewe aliendelea kukaa juu ya mtumbwi.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani?" akaniuliza.

"Polisi. Chumba cha redio."

Alicheka kwa pua, si kwa furaha. "Ulinijibu maswali yote."

"Mke wangu ndiye aliyewaona. Zamani. Alinisimulia."

"Yuko wapi?"

"Amefariki. Mwezi wa pili."

Alifunga bandeji yake polepole, akasimama, akajaribu mguu. "Pole kwa msiba," akasema. "Nakupa pole kwa dhati. Lakini ulichofanya si kizuri." Kisha akanipa mkono, kwa sababu alilelewa vizuri, akaenda.

Walipoondoka wote nilidhani yamekwisha. Yule binti alikuwa amekaa mlangoni mwa gari langu, miguu nje, simu mkononi.

"Kuna kitu kingine," akasema bila kunitazama. "Watu wameanza kuuliza kuhusu ile fomu ya Mama. Ile ya zamani. Nimeifungua. Ilikubaliwa kwa sababu mashahidi walikuwa wawili. Papa, wa pili ni wewe."

Nilikuwa sijui kwamba aliniandika. Nilikuwa namjua mke wangu: hangeandika kitu asichokiamini. Aliniuliza, nikamwambia nimeona, akaandika.

Ningeweza kusema kwamba hao niliwaona. Nilitaka kusema. Wale walikuwa wa kweli. Sina shaka hata chembe kwamba walipita juu ya gari lile, kumi na wanne, na kwamba aliwahesabu sawasawa. Kusema uongo kungeiacha kweli mahali pake. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali.

"Hata hao sikuwaona," nikasema. "Alinigongea kioo. Sikutoka."

Alifumba macho.

"Ukiniambia vile, sina njia," akasema. "Itaandikwa kwamba haikuthibitishwa. Haitafutwa. Lakini haitahesabiwa."

"Andika hivyo."

"Papa, ni Mama."

"Najua. Andika."

Aliandika palepale kwa kidole gumba. Nilisimama nikamwangalia akimvua mke wangu kozi wake.

Jioni binti yangu alipiga simu kutoka Doha, anakofanya kazi hotelini. Nilimweleza yote. Sikuwa nimemweleza kitu chochote kwa miezi miwili zaidi ya kwamba niko salama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Baba umemnyang'anya Mama ndege wake."

"Ndiyo."

Nikasikia anacheka, kisha si kucheka tena. "Alinichosha na hao ndege," akasema. "Alikuwa ananipigia video aniambie baba yako alishusha kioo. Alikuwa anaiga ulivyosema 'wazuri'. Baba, alikuiga mpaka wahudumu wenzangu wakakujua."

Nikamwomba aniigie. Akakataa kwanza, halafu akaiga. Sauti nzito, ya mtu asiyetaka kusumbuliwa. *Nimewaona. Wazuri.* Nikakaa chini sakafuni kati ya kitanda na kabati. Sikulia sana. Macho yalitoka maji kidogo, kama bomba ambalo maji yake yalikatwa muda mrefu na yanarudi na kutu. Binti yangu hakukata simu. Tulikaa hivyo, yeye huko, mimi huku, mpaka zamu yake ikaanza. Asubuhi iliyofuata nilikuwa vilevile kama jana yake. Watu husema ukishalia unapata nafuu. Sikuipata. Nilinyoa ndevu, nikanywa chai.

Nilidhani hawatanihitaji tena. Lakini Jumamosi yule binti alinipigia.

"Kesho unaenda?"

"Bado mnanitaka?"

"Sina mtu mwingine wa njia ile. Nitaenda na wewe. Miye nitaangalia, wewe utaandika. Kuandika unajua. Ukitaka."

Tulikwenda Jumapili hiyo na nyingine mbili, mpaka katikati ya mwezi wa tano. Nilinunua viatu vya mpira sokoni Kikuubo, vya saizi yangu. Yeye alitangulia kwenye njia ya mafunjo, mimi nikafuata na ubao wa kuandikia. Alisema, "Shakwe, watatu," na mimi nikarudia kwa sauti, "Shakwe, watatu," ndipo nikaandika. Tabia ya chumba cha redio. Mwanzoni ilimkera, baadaye akaizoea, akawa anangoja nirudie kabla ya kuendelea. Kwa mambo mengine hatukuzungumza sana. Alikuwa bado amenikasirikia na sikuona sababu ya kumharakisha.

Nilijifunza kwamba mwisho wa msimu hauna sherehe. Nilikuwa nimedhani kuna siku moja ndege wote hunyanyuka. Hakuna. Jumapili moja walikuwepo mbayuwayu kumi na tisa juu ya waya, iliyofuata sita. Keremkerem tuliwasikia mara moja tu, juu sana, ile sauti yao kama maji yanayochemka mbali, na hatukuwaona, nikaandika *wamesikika*. Chamchanga mmoja alibaki peke yake kwenye matope, akitikisa makalio. Nilimuuliza yule binti kama ameachwa.

"Labda ni mtoto," akasema. "Wengine mwaka wa kwanza hawaendi. Wanabaki tu huku mpaka wenzao warudi."

"Anajua wenzake wameenda?"

"Papa, miye sijui ndege wanajua nini." Na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

Mama wa samaki aliacha kunisalimia kwa wiki mbili. Alikuwa ameyasikia yote nyuma ya majiko yake. Jumapili ya mwisho nilimwendea mwenyewe. Nikamwambia kwamba siku ile alipomlilia mke wangu nilipaswa kukaa naye chini, badala yake nilimuuliza habari za njia.

"Ndiyo, uliniuliza," akasema.

"Naomba unisamehe."

Alikuwa anageuza samaki. Akawageuza wote mpaka mwisho wa wavu. "Yule mtoto wangu," akasema, "ile ya barua, sasa iko Senior Four. Nakuja kwako siku moja, nakuonyesha ripoti yake. Mwalimu alitaka kuona."

"Mlete."

Alinifungia samaki wawili kwenye gazeti na akakataa katakata nilipotaka kuingiza mkono mfukoni.

Siku hiyo ya mwisho tulimaliza saa nne. Mbayuwayu hapakuwa na hata mmoja. Nikaandika sifuri, nikairudia kwa sauti, sifuri. Chamchanga yule hakuonekana. Kuna ndege mmoja wa kahawia alipita chini chini juu ya mafunjo, hatukumtambua, mimi wala yeye. Alimfikiria kwa muda, akataja majina mawili, kisha akasema hana hakika. Nikaandika *hakujulikana*. Tukapiga picha fomu, ikatumwa, msimu ukafungwa.

Njiani alilala. Alikuwa ametoka Nsambya saa kumi usiku ili aniwahi. Kichwa kiliegemea kioo, mdomo wazi kidogo, matope yamemkaukia miguuni, na yale matope yakawa yanabanduka vipande vipande kwenye zulia la gari. Kansanga tulikwama, makanisa yalikuwa yanatoka, na wengine wanaingia, barabara imejaa magauni na watoto. Samaki walinukia kiti cha nyuma. Nilizima redio. Boda boda mmoja alikikunja kioo changu cha pembeni akipenya, akanyoosha mkono akakirudisha mahali pake, akaninyooshea kidole gumba, akaenda. Nikasogea mita mbili, nikasimama, nikasogea tena, nikikanyaga breki polepole ili kichwa chake kisigonge kioo.

Pale kwenye mzunguko alifumbua macho.

"Tumefika, Papa?"

"Bado," nikasema. "Lala."